Uzi: Tunusuru kanda za zamani za redio na jingo zake kabla mashine za kuzisoma hazijatoweka

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu wote.

Naanzisha uzi huu kwa ajili ya yeyote aliye na kaseti, kanda za rili (utepe uliozungushwa kwenye gurudumu lililo wazi), santuri au katriji zenye matangazo ya redio ya miaka ya nyuma, hasa yale ya vituo vidogo vya mji mmoja au wilaya moja ambavyo havikuwa na maktaba ya sauti iliyopangwa. Hoja yangu ni moja, nami nitaitetea mpaka mwisho: katika redio, kilicho hatarini zaidi ni yale mambo madogo ambayo hata wenye kituo hawakuyahesabu kuwa na thamani. Nazungumzia jingo (vile vipande vifupi vya muziki au wimbo vinavyotaja jina la kituo), matangazo ya biashara, salamu za wasikilizaji, tangazo la saa, na yale maneno machache ambayo mtangazaji huyasema akitoka kipindi kimoja na kuingia kingine. Hotuba za viongozi zilitunzwa kwa sababu kila mtu alijua tangu siku ile kwamba zitahitajika. Jingo ya sekunde nane ilisikika kutwa mara kadhaa kwa miaka, ikabadilishwa, na hakuna aliyepewa kazi ya kuiweka kando.

Kwa nini nasema hivi sasa? Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo kwamba kanda za sumaku ambazo hazitakuwa zimehamishiwa kwenye faili za kidijitali kufikia mwaka 2025 zina hatari kubwa ya kupotea moja kwa moja. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha jongefu iliyoanzishwa mwaka 1969, zilianzisha mradi wa tahadhari kuhusu kanda hizo hizo zikitaja mwaka huo huo. Mwaka tulioonywa umekwisha fika. Wengi hudhani kwamba onyo hilo lilihusu kuoza kwa kanda peke yake, ilhali kanda nyingi zilizotunzwa mahali pakavu bado zinaweza kusomwa vizuri. Kinachotuishia haraka zaidi ni mashine. Vinasa sauti vya rili vya kitaalamu karibu vyote viliacha kuundwa zamani, mipira inayovuta utepe hukakamaa au kulainika ikawa kama gundi, vichwa vya kusomea hulika, na mafundi waliojua kuvirekebisha wamestaafu, wengine wametangulia mbele ya haki. Kanda nzima isiyo na mashine ya kuisoma imekwisha kupotea, hata kama inang'aa ndani ya boksi lake.

Nieleze kwanza jinsi tulivyofika hapa, maana chanzo cha upotevu kinatuonyesha pia mahali pa kutafuta.

Redio ilizaliwa ikiwa ya moja kwa moja. Katika miaka ya 1930 mitandao mikubwa ya redio ya Marekani ilikataza kabisa kurusha sauti zilizonaswa, kwa kuwa fahari yao ilikuwa kwamba msikilizaji anasikia jambo likitendeka saa ile ile. Tarehe 6 Mei 1937, mtangazaji wa Marekani Herbert Morrison alipokuwa Lakehurst, New Jersey, akieleza kutua kwa chombo cha anga Hindenburg kilichowaka moto mbele ya macho yake, sauti yake haikuwa hewani. Alikuwa na fundi wake wakiinasa kwenye diski ya laka (bamba lililopakwa tabaka laini ambalo sauti huchongwa juu yake), na ilirushwa baadaye kwa kuivunja desturi hiyo. Kama wasingebeba ile mashine ya kuchonga diski, leo tungekuwa na habari za magazetini tu. Diski hizo za laka, ambazo kiini chake huwa ni bamba la alumini na wakati wa vita likawa kioo, ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya redio ya zamani iliyosalia kabla ya utepe wa sumaku kuenea.

Utepe ulionyeshwa hadharani mjini Berlin mwaka 1935 kwenye mashine ya Magnetophon ya kampuni ya AEG, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukasambaa duniani kote. Ulileta neema na balaa kwa pamoja. Neema ni kwamba kituo chochote sasa kiliweza kunasa kipindi kizima kwa gharama nafuu kuliko diski. Balaa ni kwamba utepe hufutika. Kanda iliyobeba mahojiano leo ilibeba taarifa ya habari wiki ijayo, na mwisho wa mwezi ikabeba mchezo wa kuigiza, na kila safari kilichotangulia kilifutwa bila mtu yeyote kuona kwamba ametenda kosa, kwa sababu bajeti ya kanda mpya haikuwepo. Ndiyo maana kabati la kituo mara nyingi huwa tupu kuliko sanduku la msikilizaji mmoja mwenye bidii aliyekuwa akinasa redio nyumbani kwake.

Sasa jingo. Wengi wenu mliofanya kazi studio mnazikumbuka katriji, vile visanduku vya plastiki vilivyochomekwa kwenye mashine kwa mkono mmoja na kuitikia papo hapo ukibonyeza kitufe. Aina iliyoenea, Fidelipac, iliingia sokoni mwaka 1959. Ndani yake mna utepe mmoja ulioungwa mwanzo kwa mwisho. Hutoka katikati ya rili, hupita mbele ya kichwa cha kusomea, kisha hurudi na kujizungushia upande wa nje. Ili utepe uweze kujivuta kutoka katikati bila kukwama, mgongo wake ulipakwa grafiti. Mlio wa udhibiti uliwekwa kwenye njia ya pembeni ambayo msikilizaji haisikii, na mashine ilipoufikia ilisimama yenyewe, jingo ikiwa tayari kupigwa tena kutoka mwanzo.

Muundo huo ndio uliozihifadhi jingo na ndio uliozimaliza. Utepe ulizunguka mara maelfu, grafiti ikaisha, maungio yakaachia, na sifongo inayoubana utepe dhidi ya kichwa ikageuka vumbi au uji mweusi. Zaidi ya hayo, mashine nyingi za katriji hazikuwa na kichwa cha kufutia. Ulipotaka kunasa jingo mpya ilikupasa kwanza kuipitisha katriji nzima kwenye sumaku kubwa ya kufutia, na hapo kila kilichokuwemo kiliondoka kwa sekunde chache. Ukiikuta katriji ya zamani, tafadhali usiichomeke kwenye mashine hata kama unayo iliyo nzima. Ifungue taratibu, tazama sifongo na ungio, badilisha sifongo, unga upya kwa utepe wa kuungia uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ndipo uipige. Gundi ya karatasi ya ofisini huvuja na kunasa mizunguko ya jirani.

Jambo jingine kuhusu jingo ambalo hurahisisha utambuzi: nyingi hazikutungwa kituoni. Kampuni kama PAMS ya Dallas, iliyoanzishwa mwaka 1951, na JAM ya mji huo huo, iliyoanzishwa mwaka 1974, zilitunga muziki mara moja kisha waimbaji wakaingiza jina la kila kituo kilichonunua. Hivyo ukisikia muziki ule ule chini ya majina mawili ya vituo vilivyo mbali kabisa, usidhani kwamba mmoja ameiba. Yumkini wote walinunua furushi moja. Kwa mhifadhi hii ni bahati, kwa kuwa furushi likijulikana mwaka wake, tayari una kikomo cha mapema kabisa ambacho kanda yako inaweza kuwa imenaswa.

Naendelea, sasa kwenye kazi yenyewe.

Kabla ya kupiga chochote, jua umeshika nini. Chukua rili, iinue mbele ya taa na utazame pembeni mwa utepe uliozungushwa. Mwanga ukipenya na kuonekana wa kahawia iliyofifia, huo ni utepe wa asetati, aina ya plastiki ya zamani zaidi. Mwanga ukizuiwa kabisa, yaelekea ni poliesta, plastiki iliyokuja baadaye. Tofauti hii ina uzito. Asetati ikikatika hukatika safi na huungika bila kupoteza hata silabi, ila huoza kwa namna yake na kutoa harufu ya siki. Harufu hiyo ikianza, itenge kanda hiyo na nyingine mara moja, kwa sababu mvuke wake huharakisha uozo wa zilizo jirani, kisha iweke mbele katika foleni ya kuhamishwa. Poliesta haioni shida hiyo, lakini ikivutwa kwa nguvu hurefuka badala ya kukatika, na sauti iliyorefuka hairudi.

Kwenye baadhi ya kanda za poliesta za miaka ya 1970 na 1980, hasa zenye mgongo uliopakwa rangi nyeusi, gundi inayoshikilia chembe za sumaku hunyonya unyevu na kuwa nata. Utazijua kwa mlio wa kukwaruza wakati zinapita na kwa masizi ya kahawia yanayobaki kwenye vichwa. Hapo simamisha mashine papo hapo, usilazimishe. Dawa inayotumika ni kuzikausha kwa joto la nyuzi za Selsiasi kati ya 50 na 55 hivi kwa saa nane au zaidi ndani ya kifaa chenye joto lisilopanda na kushuka, kisha kuziacha zipoe na kuzihamisha ndani ya wiki chache, maana unata hurudi. Oveni ya jikoni haifai kwa kazi hii. Na nasisitiza kwa herufi kubwa: USIKAUSHE ASETATI WALA DISKI ZA LAKA KWA JOTO. Huo ni uharibifu usio na tiba.

Diski za laka zina ugonjwa wake. Tabaka la laka lililo juu ya alumini husinyaa, hupasuka na kubanduka, na mafuta ya mnyonyo yaliyochanganywa humo ili kuilainisha hupanda juu na kuacha unga mweupe. Ukiona unga huo, diski hiyo ndiyo ya kwanza katika foleni, mbele ya kanda zako zote. Isiguswe na spiriti kabisa, kwa kuwa spiriti huyeyusha laka. Kama hujawahi kuishughulikia diski ya namna hiyo, mpelekee mwenye uzoefu. Pengine itapigika mara moja tu.

Kaseti, ambazo Philips ilizileta mwaka 1963, ndizo nyingi zaidi mikononi mwetu. Vunja kwanza vile vilimi viwili vya plastiki vilivyo mgongoni ili isiwezekane kuinasia juu. Kama nyumba yake imepinda au sifongo yake imeng'oka, hamishia utepe kwenye nyumba nyingine inayofungwa kwa skrubu. Ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja ili mizunguko iachane, halafu safisha vichwa na mpira kabla ya kila kaseti. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: rekebisha mwelekeo wa kichwa cha kusomea. Kila mashine ilinasa ikiwa na mwelekeo wake, na yako ikiwa imeinama tofauti hata kidogo, herufi kama “s” na “sh” hufifia na sauti huwa kama imefunikwa. Sikiliza kwa mono, zungusha ile skrubu ndogo polepole sana, na usimame pale ambapo sauti za juu zinasikika kwa ukali kuliko popote. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha kile ambacho kichwa hakikukisoma.

Kuhusu faili, mwongozo wa IASA unakubalika kote: nasa kwa biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde, na kwa uchache kabisa 48,000, katika faili ya WAV isiyobanwa. Saa moja ya stereo kwa kiwango cha juu huchukua takriban gigabaiti 2, na mono nusu yake. Kwa diski za leo huo si mzigo. Watangazaji wa Ulaya waliweka mwaka 1997 muundo wa WAV wenye nafasi ya kuandikia maelezo ndani ya faili yenyewe, nao ndio ninaoupendekeza. MP3 itengenezwe baadaye kwa ajili ya kusikilizisha watu, isiwe ndiyo nakala pekee. Usiondoe kelele wakati wa kuhamisha. Mwenye kutaka kusafisha asafishe nakala, ile ghafi ibaki kama ilivyotoka kwenye mashine.

Nimeona mchango wa mdau anayependekeza tukate nyimbo na maneno mengine “yasiyo na kazi” ili tubaki na vipindi vilivyo safi. Kwa heshima zote, hapa napinga kabisa. Wimbo uliopigwa redioni karibu daima upo mahali pengine kwenye santuri. Kisichokuwepo mahali pengine popote ni nusu ya sentensi ya mtangazaji inayokatika kwa sababu aliyekuwa akinasa aliwahi kubonyeza kitufe, tangazo la sabuni lililofuata, na jingo iliyogonga kabla ya taarifa ya habari. Huko ndiko tunakojua kituo kilizungumzaje na watu wake. Ninaomba kila kanda ihamishwe nzima, upande hadi upande, pamoja na sehemu zenye mvumo mtupu.

Hiyo mivumo pia ina faida. Kanda nyingi za nyumbani zilidaka mngurumo mdogo wa umeme wa nyumba, ambao ni mizunguko 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi. Ukiupima kwenye programu na kukuta 52 pale ambapo umeme ni wa 50, umejua kwamba kanda inakwenda kasi kwa asilimia 4. Milio ya saa inafaa kwa kazi iyo hiyo. BBC ilianza kurusha milio yake sita mwaka 1924, na vituo vingi duniani vikawa na milio yao inayopishana kwa sekunde moja kamili. Pima kutoka mwanzo wa mlio wa kwanza hadi mwanzo wa wa sita: ni lazima ziwe sekunde tano. Ukipata 4.8, sauti zote katika kanda hiyo zimepanda. Sauti ya Morrison tunayoisikia kwa kawaida ni nyembamba kuliko alivyokuwa akizungumza kwa sababu hiyo hiyo ya kasi, na vizazi vimemjua kwa sauti isiyo yake. Mtangazaji wa kituo kidogo naye anastahili kusikika kwa sauti yake halisi.

Mwingine ameuliza afanye nini na kanda isiyo na tarehe. Piga picha boksi, lebo na kila karatasi iliyomo kabla hujaanza, kisha sikiliza ukiandika: jina la kituo, masafa yakitajwa, siku ya wiki, matokeo ya mchezo, hali ya hewa, bidhaa inayotangazwa. Siku ya wiki pamoja na tukio moja la habari mara nyingi hutosha kukupa tarehe kamili. Tenganisha kilichoandikwa kwenye lebo na ulichokisia wewe, ili atakayekuja baadaye ajue ni kipi cha kuhojiwa. Na kama watangazaji au waendesha mitambo wa wakati ule wangali hai, wawekeeni kanda wasikilize, mkinasa maelezo yao. Watakwambia nani aliimba jingo, nani alipiga kinanda, na kwa nini kipindi kilihama saa. Taarifa hizo hazimo kwenye lebo yoyote.

Uhifadhi wa faili nitaupitia haraka: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya jengo, na kila faili iwe na namba yake ya uhakiki ili mabadiliko ya hata biti moja yaonekane. CD za kuchoma zisitegemewe. Kanda asilia zisitupwe baada ya kuhamishwa. Ziwekwe zimesimama, mahali pakavu na pa baridi, mbali na spika. Maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani imekwisha kuunda njia ya kusoma diski kwa kuzipiga picha bila sindano kuzigusa, na diski zilizovunjika zimetoa sauti. Aliyezitupa zake mapema hana tena cha kupeleka huko.

Swali la haki miliki limeulizwa na wengi. Katika tangazo moja mnaweza kuwa na haki za kituo, za mtunzi, za waimbaji na za mwenye santuri, zote kwa pamoja. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 unakipa kituo ulinzi usiopungua miaka 20 tangu mwisho wa mwaka wa tangazo, na sheria za nchi huweza kuongeza; Umoja wa Ulaya umeweka 50. Ninachoshauri ni kutenganisha kuhifadhi na kuchapisha. Kanda inayooza haisubiri mawakili, kwa hiyo ihamishe na kuitunza kwanza, halafu ndipo utafute ruhusa ya kuiweka hadharani. Vituo vingi hukubali vikiombwa kwa barua ya adabu, hasa ukiwapa nakala ya kile walichokwisha kukifuta wenyewe. Siku ya Redio Duniani, tarehe 13 Februari, ni wakati mzuri wa kupeleka ombi hilo, kwa kuwa siku hiyo wenye vituo huwa wanatafuta sauti za zamani za kurusha.

Naomba kila mwenye kitu aandike hapa chini: ni aina gani ya chombo, upana na kasi ya utepe kama unaijua, hali yake, na kama kina jingo au matangazo ya biashara ndani. Mwenye mashine ya katriji au ya rili inayofanya kazi naye ajitaje na kusema iko mji gani, ili tuanze kukutanisha kanda na mashine.